Mjamzito akiugua virusi, kondo la nyuma nalo huumia

Mjamzito akiambiwa ana maambukizi ya virusi, swali la kwanza huwa ni moja: je, vimemfikia mtoto? Ni swali la haki, lakini ni nusu tu ya swali. Kuna mtoto anayeweza kufia tumboni kwa sababu ya kirusi ambacho hakikuingia mwilini mwake. Kuna mwingine anayeambukizwa kabisa, virusi vikaonekana hadi kwenye mkojo wake siku anayozaliwa, naye akakua salama. Ukitaka kuelewa kwa nini mambo huwa hivyo, usianze na kirusi wala na mtoto. Anza na kiungo kilicho kati ya mama na mtoto, ambacho watu wengi hukitaja mara moja tu, mkunga anapokagua kama kimetoka chote: kondo la nyuma.

Kondo lililokomaa lina uzito wa karibu nusu kilo na upana wa sentimeta 20 hivi. Upande uliomwelekea mtoto ni laini na unang'aa, mishipa ya damu ikitawanyika kutoka pale kitovu kilipoungana nalo. Upande uliokuwa umeshikamana na mfuko wa uzazi una rangi nyekundu iliyokolea, umegawanyika mafungu mafungu, na ukiubonyeza unabonyea. Ndani yake kuna vijitawi vyembamba visivyohesabika. Kila kijitawi kimebeba mishipa ya damu ya mtoto, na vyote vimezama ndani ya damu ya mama. Damu hizo mbili hazichanganyiki. Hewa ya oksijeni, chakula na uchafu hupita kwenye utando mwembamba sana unaofunika vijitawi hivyo. Utando wote ukitandazwa, kwenye mimba iliyotimia, unafika mita za mraba 12 hivi.

Tabaka la nje la utando huo ni la ajabu, na inafaa tulitazame kwa karibu. Kuta nyingi za mwili zimejengwa kwa seli zilizopangwa moja kando ya nyingine, na penye maungio vimelea hutafuta upenyo. Tabaka hili halina maungio. Seli zake zimeyeyukiana zikawa seli moja kubwa yenye viini vingi, iliyofunika kila kijitawi bila mwanya. Zaidi ya hapo, hutoa interferoni, kemikali inayozuia virusi kuzaliana, hata wakati hakuna ugonjwa wowote. Seli nyingine za mwili hungoja kwanza zishambuliwe. Hii ndiyo sababu magonjwa mengi ya virusi yanayompata mama katika miezi tisa huishia kwa mama, na mtoto huzaliwa kana kwamba hakikutokea kitu.

Lakini ulinzi huu una sehemu dhaifu. Kondo lazima lijishikize kwenye mfuko wa uzazi, na pale linapojishikiza kuna seli za aina nyingine ambazo hazina ukinzani huo. Ndani ya vijitawi nako kuna seli za kinga za mtoto mwenyewe, ambazo baadhi ya virusi vimejua kuzigeuza makazi. Mwanzoni kabisa mwa mimba, kondo lenyewe bado linajengwa. Virusi vilivyowahi kuleta maafa kwa watoto wa tumboni vilipitia katika mojawapo ya nafasi hizi.

Virusi vinapovuka

Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Australia, Norman Gregg, alitoa taarifa ambayo wenzake wengi hawakuiamini mara moja. Alikuwa akiletewa watoto wachanga wenye mtoto wa jicho, ukungu mweupe mzito ndani ya mboni, mara nyingi macho yote mawili. Wengi walizaliwa wadogo, na wengi walikuwa na kasoro za moyo. Alipowahoji mama zao, karibu wote walikumbuka kitu kimoja: mwanzoni mwa mimba, katika mlipuko wa mwaka 1940, waliugua rubela. Taarifa yake ilihusu watoto 78. Hadi wakati huo rubela ilihesabiwa kuwa ugonjwa mdogo wa watoto, vipele na homa ya siku chache, na wengi waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na kila kitu.

Rubela hushambulia kuta za mishipa midogo ya damu ya kondo, kisha husafiri na damu hadi kwa mtoto. Huko hupunguza kasi ya seli kugawanyika na huharibu mishipa midogo katika viungo vinavyoumbwa. Ndiyo maana wakati una uzito kuliko kitu kingine chochote. Mama akiambukizwa katika wiki 12 za kwanza, uwezekano wa mtoto kuathirika unaweza kufika asilimia 90. Wiki hizo ndizo moyo unapogawanyika vyumba na lenzi ya jicho inapoumbika. Baada ya wiki ya 16 madhara yanayoonekana mara nyingi ni uziwi pekee, na baada ya wiki ya 20 kasoro huwa nadra. Kirusi ni kilekile na mama ni yuleyule. Kilichobadilika ni kazi iliyokuwa ikifanyika tumboni siku kilipofika.

Mlipuko wa rubela wa mwaka 1964 na 1965 uliiacha Marekani na watoto wapatao 20,000 waliozaliwa na madhara yake, mbali na maelfu ya mimba zilizopotea. Chanjo iliidhinishwa huko mwaka 1969. Mwaka 2015 bara zima la Amerika lilitangazwa kuwa halina tena rubela inayosambaa yenyewe. Sijui mfano bora kuliko huu wa ugonjwa wa mimba uliozuiwa kabla mimba haijatungwa, na inauma kwamba bado wapo watoto wanaozaliwa viziwi na wasioona kwa sababu chanjo haikuwafikia mama zao walipokuwa wasichana.

Ikiwa rubela ndiyo inayokumbukwa zaidi, saitomegalovirusi ndiyo inayosahauliwa, ingawa ndiyo maambukizi yanayowapata watoto wengi zaidi kabla ya kuzaliwa: karibu mmoja katika kila 200 wanaozaliwa. Mtu mzima mwenye afya huipata bila kujua, au huona uchovu na homa kidogo. Ikishaingia haitoki tena, bali hulala mwilini na kuamka mara kwa mara. Mjamzito anayeipata kwa mara ya kwanza ana uwezekano mkubwa zaidi wa kumwambukiza mtoto kuliko yule aliyekuwa nayo tangu zamani. Na hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Mimba inavyozidi kukua ndivyo kirusi hiki kinavyovuka kwa urahisi zaidi: takriban mara moja katika tatu mama akiambukizwa miezi ya mwanzo, na karibu mara mbili katika tatu akiambukizwa miezi ya mwisho. Lakini madhara makubwa huja karibu yote kutokana na maambukizi ya miezi ya mwanzo. Kwa hiyo mama anayesoma kwamba hatari ya mtoto kuambukizwa ni kubwa mwishoni mwa mimba asidhani kwamba hatari ya mtoto kudhurika nayo ni kubwa. Hizo ni hatari mbili tofauti.

Kirusi hiki hukaa kwanza kwenye kondo, hukivimbisha kijitawi kimoja baada ya kingine na kuacha makovu. Kondo lenye makovu hulisha vibaya, hivyo mtoto anaweza kudumaa tumboni hata kabla kirusi hakijamgusa. Kikimfikia, hupenda ubongo na sikio la ndani. Katika watoto watano waliozaliwa nacho, takriban mmoja atabaki na tatizo la kudumu, na mara nyingi tatizo hilo ni kupungua kwa usikivu.

Kuhusu Zika, kirusi chenyewe kilijulikana tangu mwaka 1947, kilipopatikana kwa nyani katika msitu wa Zika, Uganda. Kwa miongo mingi hakuna aliyekihusisha na mimba. Kisha mwaka 2015 madaktari wa kaskazini mashariki mwa Brazil wakaanza kuona watoto wengi kupita kawaida wanaozaliwa na vichwa vidogo, na tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Ilibainika kwamba Zika huingia katika zile seli za kinga zilizo ndani ya vijitawi, huzaliana humo, kisha humfikia mtoto na kuua seli changa zinazotakiwa kujenga ubongo. Fuvu halikui kwa sababu hakuna kinachokua ndani yake. Pamoja na hofu yote iliyokuwepo, watoto wanaopata madhara ni kati ya asilimia 5 na 15 ya wale ambao mama zao waliambukizwa wakiwa wajawazito. Ni wengi, na kila mmoja ni mtoto wa mtu, lakini mjamzito anastahili kuambiwa pia kwamba walio wengi huzaliwa salama.

Tetekuwanga huvuka mara chache: ikimpata mama katika wiki 20 za kwanza, watoto wanaozaliwa na makovu ya ngozi au viungo vilivyodumaa hawazidi asilimia mbili. Surua haileti kasoro za maumbile, ila inaweza kusababisha mimba kutoka au mtoto kuzaliwa njiti.

Parvovirusi B19 nayo hutenda kwa namna yake. Ni kirusi kinachowaletea watoto wadogo mashavu mekundu, na hulenga seli zinazotengeneza chembe nyekundu za damu. Mtoto wa tumboni anahitaji chembe nyingi mpya kila siku kwa sababu anakua kwa kasi, kwa hiyo kiwanda kikisimama kwa wiki chache tu anaishiwa damu. Moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu damu nyepesi, unachoka, na maji yanaanza kujaa kifuani, tumboni na chini ya ngozi. Daktari huyaona kwa ultrasaundi. Hupima kasi ya damu katika mshipa wa ubongo wa mtoto, kwa kuwa damu iliyopungua chembe hukimbia zaidi. Ikithibitika, sindano ndefu hupitishwa kwenye tumbo la mama hadi kwenye mshipa wa kitovu, na mtoto anaongezewa damu akiwa bado hajazaliwa. Wengi wanaowahiwa hupona kabisa, kwa sababu kirusi chenyewe hakikuharibu maumbile yao.

Kondo linapokufa mtoto akiwa mzima

Hadi hapa kirusi kimekuwa kikimfikia mtoto. COVID-19 ilitulazimisha kutazama upande mwingine. Tangu mwanzo ilionekana kwamba watoto wachache sana waliambukizwa tumboni. Wengi tukapumua. Halafu, hasa mwaka 2021 wakati wa wimbi la Delta, taarifa za watoto waliofia tumboni zikaanza kukusanyika kutoka nchi mbalimbali. Mama zao mara nyingi hawakuwa mahututi. Baadhi walikuwa na homa ya kawaida na walijitibu nyumbani, kisha siku chache baadaye wakagundua mtoto hachezi kama alivyozoea.

Majibu yalikuwa kwenye kondo. Badala ya kuwa jekundu na kubonyea, lilikuwa gumu na limepauka. Chini ya darubini, nafasi ambazo damu ya mama ilipaswa kupita katikati ya vijitawi zilikuwa zimejaa faibrini, ile protini inayogandisha damu, pamoja na seli za uvimbe. Lile tabaka la nje lisilo na mwanya lilikuwa limekufa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikusanya kondo 68 kutoka nchi 12, za watoto waliozaliwa wafu au waliofariki mara tu baada ya kuzaliwa, na mama zao wote hawakuwa wamechanjwa. Kwa wastani, zaidi ya robo tatu ya tishu ya kila kondo ilikuwa imeharibika. Watoto waliopasuliwa kuchunguzwa hawakuonyesha kwamba kirusi ndicho kilichoharibu viungo vyao. Walikosa hewa, kwa kuwa njia ya kuipata ilikuwa imezibwa.

Hali hii ni nadra, na wajawazito walio wengi waliopata COVID-19 walijifungua watoto wazima. Ninaieleza kwa kirefu kwa sababu inabadilisha maana ya majibu ya kipimo. Mama anapoambiwa kwamba virusi havijamfikia mtoto, bado hajaambiwa kama kondo linafanya kazi. Kondo halina kipimo cha moja kwa moja cha damu. Hupimwa kwa kufuatilia ukuaji wa mtoto, mwendo wa damu kwenye kitovu na, kwa upande wa mama mwenyewe, kucheza kwa mtoto. Mtoto akipunguza kucheza, ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo, si la kungoja kliniki ijayo, na hakuna mhudumu anayepaswa kumwona mama huyo kuwa msumbufu.

Vita vya mwili wa mama

Njia ya tatu ya mtoto kudhurika ndiyo ngumu kuieleza, kwa sababu kinachodhuru si kirusi bali mapambano dhidi yake. Homa ya mafua ni mfano mzuri. Kirusi chake hubaki kwenye mapafu na hakivuki kondo isipokuwa mara chache mno. Hata hivyo, katika janga la mwaka 1918 wajawazito walikufa kwa wingi kuliko wanawake wengine wa umri wao, na wengi wa waliopona walipoteza mimba. Husemwa kwamba kinga ya mjamzito iko chini. Usemi huo haujakaa sawa. Kinga yake imepangwa upya ili isimshambulie mtoto, ambaye nusu ya urithi wake ni ya baba, huku mfuko wa uzazi ukisukuma juu kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na moyo ukifanya kazi ya ziada. Nimonia ikimkuta katika hali hiyo, oksijeni hushuka haraka, na ya mtoto hushuka pamoja nayo.

Homa kali nayo ina madhara yake. Mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga karibu siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wengine hata hawajajua kwamba ni wajawazito. Homa kali katika siku hizo imehusishwa na mrija huo kushindwa kujifunga vizuri. Kushusha homa mapema kwa parasetamoli, kwa kipimo kinachoshauriwa, ni sehemu ya kumlinda mtoto, na mama asijinyime dawa hiyo akidhani anamsaidia.

Kisha kuna kemikali za kinga zenyewe. Watafiti wamewadunga panya wenye mimba kitu kinachofanana na virusi lakini si virusi. Hakikuwa na uwezo wa kuzaliana wala kuambukiza, ila kiliamsha kinga ya mama. Watoto wa panya hao walikua na tabia tofauti na wenzao. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2018, lilihusu Zika na lilileta majibu yaliyowashangaza wengi. Kati ya watoto wa panya waliokuwa tumbo moja, waliokufa ni wale wenye uwezo wa kuitikia interferoni ya aina ya kwanza. Wasioweza kuiitikia walibaki hai, ingawa walikuwa na virusi vingi zaidi. Mwitikio uliokusudiwa kuwalinda uliharibu kondo lao. Panya si binadamu, na kwa wanadamu ushahidi unaohusisha maambukizi ya mama na matatizo ya akili au tabia ya mtoto baadaye haulingani kati ya utafiti mmoja na mwingine. Mama aliyeugua mafua akiwa mjamzito asilale macho miaka yote akimchunguza mwanawe.

Vipo pia virusi ambavyo kondo huvizuia vizuri, lakini hungoja siku ya kujifungua: VVU, homa ya ini B na hapisi ya sehemu za siri huambukizwa hasa mtoto anapopita katika damu na majimaji ya mama. Hapa tiba imesonga mbele sana. Bila hatua yoyote, VVU huwapata kati ya asilimia 15 na 45 ya watoto, wakiwemo wanaoambukizwa kwa kunyonya. Mama akitumia ARV ipasavyo, kiwango hicho hushuka chini ya asilimia 5. Kwa homa ya ini B, mtoto mchanga anayeambukizwa ana uwezekano wa karibu asilimia 90 wa kubaki nayo maisha yote, ndiyo maana chanjo yake ya kwanza inatakiwa ndani ya saa 24 za kuzaliwa.

Kinachowezekana kufanywa

Kinga dhidi ya rubela na tetekuwanga hutafutwa kabla ya mimba. Chanjo zake zina virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo hazitolewi kwa mjamzito, na anayechanjwa hushauriwa angoje mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Chanjo za sindano za homa ya mafua na COVID-19 hutolewa wakati wa mimba kwa sababu hazina kirusi hai kinachozaliana mwilini. Hizi zina faida mbili: ya kwanza ni kumkinga mama, na ya pili hupita kwenye kondo lenyewe: ule utando unaozuia virusi una vibebeo maalumu vinavyonasa kingamwili za mama na kuzipeleka kwa mtoto, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Mtoto aliyetimiza miezi mara nyingi huzaliwa na kingamwili nyingi kuliko mama yake. Aliyezaliwa njiti huwa nazo chache, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuugua kwake haraka.

Kwa saitomegalovirusi hakuna chanjo iliyoidhinishwa, na hapa naona wajawazito hawatendewi haki, maana kinga yake ni rahisi na wachache huambiwa. Kirusi hicho hukaa kwa miezi mingi katika mate na mkojo wa watoto wadogo, ambao huonekana wazima kabisa. Mjamzito mwenye mtoto mdogo, au anayefanya kazi ya kulea, anawe mikono kwa sabuni baada ya kubadilisha nepi na kufuta makamasi, asimalizie chakula cha mtoto kwa kijiko kilekile, na ambusu kwenye paji la uso badala ya mdomoni.

Mimba ikiharibika au mtoto akizaliwa mfu, au akizaliwa mdogo kuliko umri wake, wazazi wanaweza kuomba kondo lipelekwe maabara kabla halijatupwa. Katika majonzi hakuna anayelikumbuka, nami nadhani ni wajibu wa wahudumu kulikumbuka kwa niaba yao. Majibu yake huweza kueleza kilichotokea, na mara nyingi humwondolea mama lawama ambazo amejibebesha bure kwa kitu alichokula au kazi aliyoifanya.

Mtoto anayeshukiwa kuwa na saitomegalovirusi apimwe mate au mkojo kabla ya siku 21 kutimia, kwa kuwa baada ya hapo haiwezekani tena kujua kama aliipata tumboni au baada ya kuzaliwa. Kwa mwenye dalili, dawa ya kupunguza nguvu ya virusi huanzishwa katika mwezi wa kwanza na huweza kuokoa sehemu ya usikivu wake. Asiye na dalili naye aendelee kupimwa masikio hata kama kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri, kwa sababu usikivu unaweza kuanza kupungua miaka kadhaa baadaye, katika umri ule ule anaojifunza kuzungumza.